Ua wa Kuazima

Ua wa kuazima hauna mlango wako. Mmeisikia methali hiyo sokoni leo, wajukuu zangu, mkaiona tamu. Mimi hainipi utamu wowote, maana najua ilikotoka. Ilianza hivi.

Nilikuwa muuguzi katika hospitali ya misheni ya Lukanda. Mashine ya eksirei tulikuwa nayo, ila bingwa wa kusoma picha hatukuwa naye. Picha zilikwenda kwa mtandao hadi mjini kwa Daktari Mahundi, naye akarudisha majibu. Kati yetu na mtandao kulikuwa na fayawoli, mtambo wa kulinda kompyuta. Huo hufuata sheria ulizopewa: hiki kipite, kile kizuiwe.

Ukaletwa mtambo mpya, mtupu. Sekwao, fundi wetu wa kompyuta, alitakiwa kuuandikia sheria moja moja. Uvivu nao una akili zake. Aliingia kwa mbali kwenye mtambo wa hospitali kubwa ya dayosisi, akaandika amri ya mstari mmoja, sheria zao zote zikanakiliwa kwenye faili moja. Akalipakia kwenye mtambo wetu bila kulisoma.

"Kazi ya wiki nzima nimeimaliza kabla ya chai!" akatutambia, nasi tukampongeza.

Hospitali ile ilikuwa na bingwa wake palepale. Picha zao hazikutoka nje, kwa hiyo sheria zao hazikuwa na njia ya kutolea picha.

Asubuhi hiyohiyo akaletwa Komba, mwezekaji, ameanguka kutoka paani. Tukampiga picha ya kifua, tukaituma. Daktari wa zamu, kijana aliyeanza kazi juzijuzi, hakuthubutu kumgusa bila neno la bingwa. Tukangoja. Mkewe, Bi Sikudhani, alimshika miguu, na kila nikipita aliniuliza, "Sista, mjini wanasemaje?"

"Bado, mama."

Tulidhani bingwa ana foleni. Alasiri, Komba akihema kwa shida, ndipo daktari akapiga simu.

"Picha gani?" Mahundi akashangaa. "Leo sijapata hata moja kutoka kwenu."

Tuliporudi wodini Komba alikuwa amekata roho. Ubavu ulikuwa umetoboa pafu, jambo ambalo bingwa angeliona mara moja.

Picha ilikuwa imezuiwa na fayawoli, basi Sekwao akaitwa amweleze mjane. Akasema sheria zile ni nzuri, kwa wenzetu zimefanya kazi miaka mingi. Bi Sikudhani akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mtu akisuka ua huacha mlango pale njia yake inapopita. Wewe umemzungushia mume wangu ua wa watu wengine. Ua wa kuazima hauna mlango wako."

Hospitali ikatangaza kwamba mtandao ulisumbua. Uongo mtupu! Mtandao ulikuwa mzima, na mtambo ulifanya sawasawa na ulivyoamriwa. Hakuna aliyewajibishwa, na kilio cha mjane kikageuka methali ya watu kutaniana madukani. Inaniuma mpaka leo. Itumieni, siwakatazi, lakini jueni kuna mtu alikufa akingoja jibu la picha ambayo haikutoka nje ya geti letu. Ua wa kuazima hauna mlango wako.