Mtoto Aliyerushwa Ukuta Kabla ya Kuzaliwa

Hebu niambie kwanza: wewe jina lako ulipewa kwa ajili ya nani? Bibi aliyefariki? Shangazi mwenye mashamba? Au baba yako alilisikia redioni akalipenda tu, basi? Shika jibu lako na ukae vizuri, maana kuna mama anaitwa Umazi, amepakata binti mchanga asiye na jina, na wanaostahili mtoto huyo aitwe kwa jina lao wamefika watatu kwa mpigo.

Hao watatu walikuwa wa kikundi kimoja cha burudani katika hoteli moja ya Pwani. Hoteli yenyewe tusiitaje, wana mawakili wengi kuliko vitanda. Kila mmoja wao alikuwa na kipawa chake.

Kadzo, mpiga ngoma, alikuwa na masikio. Alilelewa karibu na uwanja wa wanajeshi wa kulenga shabaha, akanyonya huku risasi zikilia ng'ambo ya ua. Kitu kikianguka jikoni, yeye huku nje angekwambia ni sufuria au ni sinia, na aliyeangusha ni nani.

Mghoi, mshereheshaji, alikuwa na ulimi. Digrii yake ya takwimu, second class upper, ilikuwa chini ya godoro imelala usingizi mtamu kuliko mwenyewe. Basi akawa anawachezesha wazungu kando ya bwawa: asubuhi Kiitaliano, mchana Kijerumani, na akikasirika Kitaita. Akiwaambia wageni wajitwike viti vyao vichwani, walijitwika, tena kwa vicheko.

Mumbua, mwanasarakasi, alikuwa na mabega. Kwenye ule mnara wa watu ambao wageni hupenda kuupiga picha, yeye ndiye alikuwa chini kabisa. Wanaume wa kikundi walisimama juu yake wakitabasamu na kupokea makofi. Yeye chini, kimya, kama msingi wa nyumba.

Umazi hakuwa na kipawa cha kutangazwa. Alikuwa dobi wa hoteli hiyo hiyo, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imekua hadi akawa anaegemea mashine ya kufulia ili apumue. Alifua mashuka ya watu aliowajua kwa madoa yao tu.

Sasa sikiliza. Jumapili moja palikuwa na harusi ya Waitaliano, na tangu mchana mafundi walikuwa wakijaribu fataki. Pah! Watoto wanapiga kelele za furaha. Pah! Wageni wanapiga makofi. Alasiri ikasikika nyingine upande wa lango kuu, mfululizo, na wageni wakapiga makofi tena. Hebu fikiria. Wavamizi wanaua watu langoni, na bwawani wageni wanashangilia.

Kadzo akasimamisha ngoma katikati ya pigo. Umazi, aliyekuwa ametoka kuanika taulo, alilisikia hilo kabla ya kusikia kitu kingine chochote: ngoma iliyokatika. Kadzo hakuwahi kukatisha ngoma. Akamwona anamwendea Mghoi, anamnong'oneza sikioni, "Hizo si fataki. Ni bunduki, na zinakuja huku."

Mghoi alikuwa na kipaza sauti mkononi. Ungekuwa wewe ungepiga yowe, si ndiyo? Umati ungetimka, na njia ambayo wageni waliijua ilikuwa moja tu, ile ya lango kuu. Mghoi akatabasamu. "Ragazzi! Kinder! Everybody! Tunacheza treni. Shika kiuno cha aliye mbele yako. Leo ni treni ya kimya, atakayetoa sauti ametoka mchezoni!" Akaanza kukata kiuno, kinyumenyume, kidole mdomoni. Nao wakamfuata, babu wa Kijerumani na kaptula yake iliyoloa, bibi harusi na shela lake, watoto wakiziba midomo kwa mikono. Treni ikapita nyuma ya jiko, ikapita chumba cha kufulia. Umazi akadandia mkiani.

"Dada, tunaenda wapi?" akamuuliza Kadzo aliyekuwa mbele yake.

"Cheza tu, mama. Cheza na tumbo lako."

Wakafika lango la nyuma, lile la wafanyakazi. Mnyororo. Kufuli kama kichwa cha mtoto. Menejimenti ililifunga baada ya kusikia kwamba vibarua wanatoka na mikate iliyobaki mezani. Mikate ambayo ingetupwa! Na ufunguo? Ulikuwa kwa mlinzi wa lango kuu, Baya, na Baya wakati huo alikuwa amekwisha kulala chini pamoja na wenzake. Mungu awarehemu wote walioanguka pale, wenyeji na wageni.

Ukuta ulikuwa mrefu, juu umepandwa vigae vya chupa. Umazi akarudi chumba cha kufulia kwa hatua za bata, akaja na mablanketi kifuani, yakatupwa juu ya vile vigae. Mumbua akauegemea ukuta, akapinda magoti, akapiga paja lake. "Haya, paja, bega, ukuta. Viatu vueni." Wanasarakasi wenzake wawili wakapanda kwanza, wakakaa juu kuvuta. Kisha wakaja wengine, wembamba na wanene, mmoja baada ya mwingine juu ya bega lile lile. Milio ikikaribia, Mumbua anasema tu, "Mwingine."

Mwisho chini wakabaki wao wanne. Kadzo akapanda, Mghoi akapanda, wakabaki juu kumpokea Umazi.

"Mumbua, mimi ni wawili," Umazi akalia. "Nitakuvunja."

"Panda, we mwanamke, hotuba utanipa kesho!"

Akapanda. Aliposimama begani alisikia kitu kikiachia chini ya unyayo wake, kama mshono wa nguo unaochanika. Mumbua akamsukuma juu kwa mkono mwingine. Umazi akavutwa, akashuka upande wa pili, wakamvuta na Mumbua kwa mkono uliobaki mzima. Wakatumbukia kwenye shamba la mkonge la jirani na kulala chini hadi askari walipokuja.

Mtoto akazaliwa siku chache baadaye, kabla ya wakati wake, mdogo, mwenye hasira. Umazi kila akimtazama alikuwa anashukuru hadi machozi yanadondokea paji la mtoto. Hakuwa na kitu cha kuwapa wale watatu. Hana shamba, hana mbuzi. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kutoa, nacho hakikuwa chake: jina. Kwao, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba.

Mama mkwe wake, Hawe Nyevu, akakata shauri. "Jina langu naliachilia. Nilitaka niitwe tena nikiwa bado nasikia, lakini jina hilo ningempa nani kama mtoto huyu asingekuja? Mpe aliyemleta. Ila jina moja tu, Umazi. Mtoto si ubao wa kampeni kubandikwa majina matatu. Na kabla jua halijazama leo."

Ndipo wale watatu wakaitwa. Kadzo akaja na sukari. Mghoi akaja na nepi. Mumbua akaja na mkono umefungwa kitambaa shingoni.

"Mimi sijifanyi," akasema Mghoi, maana ulimi haupumziki. "Nalitaka. Kuna mtu alinirekodi toka ghorofani nikikata kiuno, akaposti. Nchi nzima ikanitukana: huyu anacheza watu wakifa! Nikitafuta kazi wanaandika jina langu, video inatoka. Nataka mtu mmoja duniani alibebe vizuri."

"Na nani alikwambia ni bunduki?" Kadzo akadakia. "Ungekuwa bado unatangaza bingo! Mimi tangu siku ile fundi akigonga msumari natupa sahani. Masikio yaliyomwokoa huyu sasa hayanipi usingizi. Angalau yasikie jina langu likiitwa kwa furaha."

Wakamgeukia Mumbua. Mumbua akamtazama mtoto. "Daktari amesema sitabeba mtu tena. Huyu ndiye wa mwisho niliyembeba."



Hawe Nyevu akachungulia mlangoni. Jua lilikuwa limeshagusa minazi. Umazi akawatazama mmoja mmoja, moyo umejaa shukrani hadi unauma. Bila sikio, treni isingeanza. Bila ulimi, isingefika ukutani. Bila bega, ingeishia hapo. Akamwinua mtoto, akafungua mdomo.

Je, ungekuwa wewe, ungemwita Kadzo, Mghoi, au Mumbua? Na ukishachagua, utawaeleza nini wale wawili, macho kwa macho?

Jadilianeni, mimi sina haraka. Lakini ninyi wenye hoteli, swali hilo si lenu. Msituletee hotuba za "sisi ni familia moja" wala picha mliyopiga na Mumbua mkimshika bega bovu. Mmefungua tena, wageni wamerudi, na lile lango la nyuma limefungwa vilevile. Mtibuni Mumbua. Waandikeni kazi wote watatu, kwa mkataba. Na huo mnyororo utoeni leo, kabla hamjala chakula cha jioni.