Kamba Uvunguni mwa Bi Siwatu

Njooni, watoto, sogeeni. Mmekuja na masikio? "Tumekuja nayo." Usingizi mmeuacha wapi? "Tumeuacha kwa jirani." Basi kaeni, maana kisa hiki wengine hukisimulia nusu. Mimi ninacho chote, kichwa na mkia.

Zamani za zamani, mwezi ulipokuwa bado unanyonya, palikuwa na mji uitwao Kitumbwi. Mji mkubwa huo, mtu akipiga chafya upande huu, upande wa pili wanaisikia kesho yake. Na Kitumbwi kulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, kuku hawafugwi penye nyumba za watu, wafugwe mashambani. Ya pili, konde la mji hulimwa na anayelala mjini. Anayelala mashambani hana haki nalo. Usicheke wewe, zote zilikuwa na sababu. Kuku walikuwa wakinya juu ya majamvi ya wageni. Na watu wa kuja walikuwa wakilima, wakivuna, wakiondoka bila hata kuaga.

Nyumba ya mwisho kabisa ya mji ilikuwa ya Bi Siwatu, mjane, hana mtoto. Alikuwa na konde dogo la muhogo katika ardhi ya mji, yeye na marehemu mumewe waling'oa visiki vyake kwa mikono, na alikuwa na kuku wachache na jogoo mmoja. Konde lilimpa chakula. Kuku walimpa chumvi, mafuta na nguo ya kujisitiri. Wenziwe walijenga mabanda huko mashambani, wakaweka vijana wao wayalinde na kicheche. Bi Siwatu angemweka nani? Kuku wake walilala uvunguni mwa kitanda chake, na watu wa Kitumbwi walijifanya hawajui.

Mpaka siku moja jirani yake, Ngwali, akaenda kwa Jumbe Pandu, mkuu wa mji.

"Jumbe, mimi na Bi Siwatu hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na jogoo wake. Kala mtama wangu niliouanika, kisha kapanda juu ya jamvi akawika, kama ndiye aliyelima."

Jumbe akamwita Bi Siwatu. "Bibi, nyumba yako i mjini au i mashambani?"

"Jumbe wangu, mimi najua ndipo ninapolala."

"Sikuuliza hivyo. Ikiwa mjini, kuku watoke leo. Ikiwa mashambani, kuku wabaki, konde ulirudishe."

Mnaona mtego huo, watoto? Kulia mwiba, kushoto mwiba. Bi Siwatu aliwafikiria kuku na kicheche huko porini. Alifikiria vile visiki. Akaona hana cha kuchagua, maana kimoja bila kingine kisingemfikisha mwaka.

"Basi tupime," akasema Jumbe. Mpaka wa mji ulitoka kisimani ukaenda hadi kwenye jiwe la chokaa, nyuma tu ya ukuta wa Bi Siwatu. Wakavuta kamba. Mtu wa Jumbe akashika ncha ya huku, Ngwali akashika ncha ya kule. Na kamba, sikilizeni, ikapenya kwenye ukuta uliobanduka udongo, ikapita uvunguni, ikatokea upande wa pili. Kitanda nusu mjini, nusu mashambani.

Jumbe akakuna ndevu. "Kwa dasturi yetu, mtu ni wa pale anapoweka kichwa, na kuku ni wa pale anapolala. Tutangoja magharibi."

Mchago wa kitanda, pale pa kuwekea kichwa, ulikuwa upande wa mashambani, na kuku nao hulala chini yake. Bi Siwatu akaingia ndani taratibu, akachukua mto wake, akauweka upande wa miguuni, upande wa mjini. Nani kati yenu angewaza hivyo? Mimi, ndiyo. Nyinyi, sidhani.

"Hapo ndipo unapolaza kichwa?" akauliza Jumbe.

"Kuanzia leo ndipo. Au iko sheria ya mto?"

Watu wakacheka. Sheria ya mto haikuwapo.

Magharibi ikaingia. Akaja kuku tembe wa kwanza, akaenda kwenye kona yake ya siku zote, mashambani. Akaja wa pili, mashambani. Akaja jogoo kwa maringo yake, mashambani. Akabaki kuku mzee, Kishungi. Kishungi akaitazama ile kona. Akamtazama Bi Siwatu aliyeketi penye mto uliohamishwa. Akamfuata, akajikunyata chini ya miguu yake. Mjini.

Bi Siwatu hakumfukuza. Alifumbata mikono mapajani, akamwangalia tu.

Jumbe akainama. "Huyu yuko mjini," akasema polepole, kama mtu anayejuta kuinama. "Na sheria…"

Ngwali alikuwa nje, kashika kamba, anachungulia kwenye ufa wa ukuta. Alimwona kuku. Aliiona na ile mikono. Akapiga hatua moja pembeni. Kule uvunguni kamba ikaburuzika, Kishungi akainua mguu huu, akainua na huu, ikampita, lakini mto haikuufikia.

"Ngwali, kamba imesogea."

"Mkono umechoka, Jumbe. Nimeishika tangu alasiri."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Papa hapa."

"Una hakika?"

"Jumbe, mshtaki ni mimi. Nidanganye kwa faida ya nani?"

Jumbe akainama tena, akakaa ameinama kitambo. "Kichwa mjini, kuku mashambani. Kunjeni kamba."

Bi Siwatu akatoka mlangoni. "Ngwali, ukianika mtama, niite. Nitaulinda mwenyewe."

"Na jogoo?"

"Jogoo siwezi kumsemea."

Basi, watoto, mtakua, na siku moja mtashikishwa kamba ya mpaka. Kabla hamjaikaza, chungulieni kwanza ndani, mwone nani anaishi pale inapopita.

Kisa changu kimeingia bandani, na mlango nimeegesha. Aliyekipenda akilishe, aliyekichukia asikifukuze.