Maji Mekundu ya Bibi Harusi

Paukwa!

Pakawa!

Anayesinzia na ajifinye! Hapo zamani za kale, kijiji kimoja kilikuwa na kisima kimoja na mila moja. Bibi harusi huteka maji asubuhi, baba mkwe huyanywa. Maji meupe, ndoa njema. Maji mabaya, arudi kwao.

Akaolewa Mwanakombo, binti wa mbali. Asubuhi akaenda kisimani, baba mkwe na watu nyuma yake. Akashusha ndoo, chubwi! Akavuta, akavuta, akavuta. Lo! Maji mekundu pyu!

"Damu!" akapiga kelele baba mkwe, Mzee Faki msokota kamba. "Katuletea nuksi! Arudi!"

"Arudi! Arudi!" wakaitikia watu.

Machozi yakamlengalenga Mwanakombo. Kwao ameagwa kwa ngoma. Atarudi na uso gani?

Ndipo akaja Bi Zuwena, mkunga mzee. Wote wale waliokuwa wakipiga kelele aliwapokea yeye, wakiwa uchi. Akachota maji kiganjani, akaonja. Nya, nya, nya.

"Damu gani hii inakaza ulimi kama ndizi mbichi? Wewe Faki, kamba ya kisima mpya?"

"Mpya, Bibi! Nimeisokota kwa heshima ya harusi. Nimeichemsha na magome ya mkoko isioze, nikailoweka kisimani usiku kucha ilainike."

"Ahaa! Bibi harusi, mwanangu, nikatie kipande cha kamba hiyo."

Mwanakombo akakata, akakitia kwenye bakuli la maji ya mvua.

"Sasa imbeni!" akasema Bi Zuwena.

Wakaimba wimbo wa harusi, wakapiga vigelegele, lililili! Wimbo haujaisha, bakuli jekundu!

Mmoja akacheka, kwi! Halafu wote, kwi kwi kwi! Kamba ikatolewa, kisima kikachotwa mpaka chemchemi ikaleta maji meupe pe.

"Mwanangu," akauliza Bi Zuwena, "bado unarudi kwenu?"

Mwanakombo akajifuta machozi. Furaha imemjaa, na utundu pia.

"Nirudi vipi, Bibi, na baba hajanywa maji yangu?"

Akachota kata moja kutoka ile ndoo ya kwanza, akapiga magoti kwa adabu, akampa mkwewe. Mzee Faki akanywa, gu! gu! gu! Mdomo ukamkunjamana, macho yakamtoka.

"Matamu, mwanangu," akasema. "Matamu sana!"

Enyi wenzangu, maji yakigeuka rangi, kwanza uliza ulichotia kisimani, ndipo umnyooshee mgeni kidole. Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kiu akateke yake.