Mlango wa Mize

Chumvi huyeyuka bure, hurudi kwa kuni. Mmenisikia nikimwambia jirani hivyo, mkacheka, mkaniuliza chumvi na kuni vimekutana wapi. Haya, kaeni vizuri. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha wapika chumvi, kule kwenye mikoko, alikuwako mjane aitwaye Mize. Kazi aliiweza; sifa ndizo zilizomponza. Desturi ya pale, binti akiolewa huingia kwa mumewe na pakacha la chumvi iliyopikwa na mama yake. Akikosa, husemwa kaja mikono mitupu, na neno hilo humfuata mpaka uzeeni.

Riziki, shoga yake Mize, alipika chumvi ya bintiye wiki mbili. Siku moja kabla ya harusi alimwachia Mize pakacha, akaenda kumsinga bibi arusi.

"Lisishuke uchagani, shoga. Likae hapo juu ya moto."

"We! Mimi mtoto?"

Riziki hata hajafika mbali, Mize kaliteremsha. Alitaka tu wapita njia waione chumvi ile nyeupe, wajue nani kaaminiwa. Akaliweka kizingitini, akavuka kwa jirani kupiga soga. Mvua ya masika haibishi hodi. Aliporudi mbio, pakacha lilikuwa limebaki majani matupu, na maji yametapakaa uani.

Riziki alipofika, Mize alisema, "Tumeibiwa, shoga." Lakini kanga yake iliyolowa maji ya uani, aliyokuwa akiikausha motoni, ilikuwa imeota mistari myeupe pindoni. Riziki akaishika, akaionja. Hakupiga kelele. Laiti angepiga!

"Haijaibiwa, Mize. Ipo yote, hapo uani."

"Basi nitaizoa!"

"Zoa. Kutawanyika imetawanyika yenyewe, hakuna aliyeisukuma. Kujikusanya, hata ukiingoja mwaka, haitajikusanya. Inataka moto."

Mize akazoa tope, akalichuja, akateleka chungu. Kuni za ndani zikaisha upesi. Za uani zilikuwa zimelowa chepechepe. Aibu ilimkaba, hakuthubutu kumwomba mtu hata kijiti. Akautazama mlango wake, mlango aliouchonga marehemu mumewe. Akaung'oa. Akaupasua huku analia, akauchochea wote mpaka ubao wa mwisho. Alichopata ni kikombe kimoja cha chumvi, tena ya kijivu.

Bibi arusi akaingia nayo kwa mumewe, hakuambiwa mikono mitupu. Lakini njiani msafara ulipita mbele ya nyumba isiyo na mlango. Mize alikuwa ndani, kajiinamia, hana pa kujificha. Vigelegele vikakatika, watu wakachungulia. Aliomba ardhi ipasuke immeze.

Riziki akatoka kwenye msafara. Akavua kanga yake ya juu, kanga mpya ya harusi ya mwanawe, akaitundika pale mlangoni. Ilichukua masika matatu kabla hawajaitana shoga tena, na kila asubuhi ya miaka hiyo Mize alipeleka mzigo wa kuni jikoni kwa Riziki.

Ndipo watu wakasema: chumvi huyeyuka bure, hurudi kwa kuni.