Kwale Aliyeoga Vumbi

Paukwa.

Pakawa.

Nyuma huko mmelala?

Pakawa!

Haya. Wewe Mbaruku, acha kujikuna, usikilize.

Palikuwa na bonde, na bondeni aliishi Kwale, ndege mdogo, mwenye mayai saba chini ya kichaka. Kwale haogi maji. Anaoga vumbi, pu-pu-pu, chawa wanakimbia, basi.

Fisi, mkubwa wa bonde, aliyataka yale mayai. Akaita baraza. "Sisi tulio wengi tunaoga maji," akasema. "Kuoga vumbi ni aibu au si aibu?"

"Ni aibu!"

"Anayekubali ainue mkia."

Mikia juu, fyaa! Ikawa sheria: mwenye aibu ahame kabla jua halijazama, na asichukue kitu. Mayai yalikuwa yamebakiza siku mbili kuanguliwa. Kwale aliumia moyo, lakini uso hakuukunja.

"Wengi wape," akasema. "Nitahama. Ila jua bado lipo, nami nina swali. Kutawanya kinyesi kwa mkia ni aibu au si aibu?"

Wote wakamgeukia Kiboko. "Ni aibu!" Mikia juu, fyaa!

Kiboko akanuna. "Mimi tu? Na kutembea makalio wazi, je?"

Wote wakamgeukia Nyani. Mikia juu, fyaa!

"Haya," akasema Nyani. "Na anayecheka msibani?"

Bonde zima linamjua anayecheka msibani. Mikia juu, fyaa!

"Ngojeni kwanza," akasema Fisi, na kwa hofu kicheko kikamtoka, hi-hi-hiii. Mikia ikainuka tena, hata haikuombwa.

Fisi akamtaja Ngiri, Ngiri akamtaja mwenziwe, na mwenziwe akamtaja mwingine. Jua lilipokaribia kuzama kila mmoja alikuwa na aibu yake. Wakahama wote, tifu tifu tifu. Fisi akapita karibu na kichaka, akanyoosha shingo.

"Asichukue kitu," akasema Kiboko nyuma yake. "Si sheria yako, Mzee?"

Fisi akameza mate, akaenda. Kwale akabaki, maana hakuna aliyesalia wa kumfukuza.

Baada ya siku mbili vifaranga saba vikatoka. Sita vikaingia vumbini, pu-pu-pu. Cha saba kikashuka mtoni kuoga maji. Kwale akakitazama, akakiacha kioge.

Hadithi yangu ni hiyo. Aliyeinua mkia aushushe. Funzo lake ni kwamba wengi hawakosei kamwe, na waliohama ndio waliokuwa wengi.

Mbaruku, kaoge. Kwa maji.