Koti la Mzee Kiplagat

Mwalimu Kageha wa Shinyalu alitaka somo la jamii za Kenya liwakolee wanafunzi wake. Akawaonyesha filamu fupi aliyoipata mtandaoni kuhusu Waogiek wa Mlima Elgon. Mzee mmoja alionekana akitoka mwituni, amejitanda ngozi, huku sauti ikitangaza kwamba watu wake hawajui shule wala nguo.

Darasa likaangua kicheko. Kageha naye akacheka, tena akatia chumvi: "Mshukuruni Mungu nyinyi mliozaliwa kwenye mwangaza!"

Chelimo, msichana aliyehamia pale muhula huo, akasimama. Machozi yalimlengalenga.

"Mwalimu, huyo ni babu yangu, Kiplagat. Amefundisha shule ya msingi miaka thelathini. Hao waliompiga picha ndio waliomwambia avue koti."

Kicheko kikakatika kama uzi. Aibu ikampanda Kageha kutoka nyayoni hadi utosini. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Muhula mzima hakuwa amemuuliza mtoto yule kwao ni wapi. Angeweza kuzima filamu na kufungua ukurasa mwingine. Badala yake aliomba nambari ya mzee, akampigia simu, sauti ikisikika darasa zima.

"Mzee, nimekucheka mbele ya watoto, mjukuu wako akiwemo. Naomba radhi."



"Mwalimu mwenzangu," mzee akasema, na maneno hayo yakamchoma Kageha kuliko tusi, "ulijiuliza ni nani aliyeshika kamera?"

"Sikujiuliza, mzee."

"Niliwaeleza kutwa nzima jinsi tulivyofukuzwa msituni mwetu, na kesi tuliyoipeleka kortini. Hawakuweka hata neno moja. Walitaka ngozi, nikaivaa, kwa sababu ni fahari ya wazee wangu. Sikujua wangenivika ujinga."

Baada ya simu, darasa likaitazama filamu upya. Shikanga, aliyecheka kuliko wote, akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mbona mzee mwenyewe haongei hata mara moja?"  Kageha akaliandika swali lile ubaoni.

Kengele ilipolia, alimfuata Chelimo mlangoni. "Nisamehe, mwanangu."

"Nitajaribu, Mwalimu," Chelimo akajibu bila kuinua macho, akaenda zake.

Kageha alibaki ameinamisha kichwa. Miaka yote alikuwa amewafundisha watoto kutazama, asiwafundishe kuuliza anayewaonyesha anataka nini. Kumbe wahenga walikwisha kunena: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.