Kanda Iliyoandikwa Mbovu

Wapendwa, nina mtu mmoja ambaye sijui nimweke upande gani. Wiki hii nimemwandika kama mtu mbaya, nikafuta. Nikamwandika kama mtu mwema, nikafuta. Leo nimeamua kumleta kwenu kama alivyo, tumtazame pamoja.

Bwana huyu alipenda muziki wa dansi wa ujana wake, ule tunaouita sasa zilipendwa. Redio ilikuwa ikipiga nyimbo hizo kila Jumapili mchana, kabla ya taarifa ya habari ya saa saba. Kanda za dukani zilikuwa adimu, kwa hiyo alirekodi mwenyewe. Wenye umri wangu mnakumbuka ilivyokuwa: redio unaiweka mezani, kinasa sauti unakiweka mbele yake, vinatazamana, kisha unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Na kinasa sauti kile hakikuwa kinachagua. Kilichukua wimbo, kikachukua na jogoo.

Basi nyumba nzima ilinyamaza. Kuku walifukuzwa uani. Mfuniko wa sufuria haukuguswa. Siku moja mgeni alipiga hodi mara tatu, hakuna aliyeitika, akaenda kuuliza kwa jirani, "Pale kuna msiba?"

Jirani akacheka. "Msiba gani? Pale kuna rumba."

Kanda iliyotoka safi, bwana huyu aliiandika jina la wimbo, bendi na tarehe, akaipanga kabatini. Iliyoingia sauti ya mtu aliiandika neno moja, "Mbovu", akaitupia kwenye boksi la viatu ili siku nyingine arekodi juu yake.

Miaka ikaenda. Watoto wakaondoka nyumbani. Mke wake akafariki. Na mwezi wa sita baada ya mazishi bwana huyu akagundua jambo lililomtisha. Sura ya mkewe aliikumbuka, mwendo wake aliukumbuka, lakini sauti ilikuwa inamtoka. Maneno ya mkewe alikuwa nayo kichwani, mengi tu, ila sasa yalisemwa kwa sauti yake yeye mwenyewe.

Binti yake alikuja kumwona, akamkuta amekaa mbele ya kabati, anatoa kanda hii na kuweka ile.

"Zamani kulikuwa na utulivu, mwanangu," akasema. "Hebu sikiliza. Siku hizi redio ni makelele, habari ni makelele, kila mtu anagomba kwenye simu."

"Baba, utulivu huo haukuwa wa zamani," binti akajibu. "Ulikuwa wako. Wewe ndiye uliyekuwa unatunyamazisha."

Mzee akacheka kidogo. Kisha akauliza, taratibu, "Mama yako yumo humu? Hata mara moja?"

"Humu kabatini? Atakuwemo vipi, baba? Labda kwenye zile mbovu."

Boksi la viatu lilikuwa bado uvunguni. Lilikuwa na kanda kumi na moja. Kumi alikuwa amekwisha kurekodi juu yake. Zilitoa nyimbo tupu, safi kabisa. Ya kumi na moja ilikuwa haijaguswa. Wakaiweka. Gitaa likaanza. Kwenye ubeti wa pili mlango ukalia, na mwanamke akasema:

"Baba Atupele, nilikuwa nataka kukuambia..."

"Shhh! Narekodi."

"Ni neno dogo tu."

"Wimbo uishe kwanza."

Wimbo ukaendelea dakika nne nzima. Baba na binti hawakuusikiliza. Walikuwa wanasikiliza kilicho nyuma yake: kigoda kilichovutwa, mtu aliyekaa, mtu anayepumua akisubiri. Wimbo ukaisha. Ikalia milio ya saa saba, msomaji akaanza: waziri amefungua daraja, sukari imewasili bandarini, timu ya taifa imetoka sare.

"Sasa?" mwanamke akauliza.

"Taarifa ya habari hiyo, Mama Atupele."

Akacheka, yule mwanamke. Hakukasirika. Ndilo jambo ninalorudi kulifikiria. Akacheka, akasema, "Haya, bwana. Mimi nipo."

Kanda ikafika mwisho.

Binti akauliza, "Alitaka kukuambia nini?"

"Sijui."

"Hakukuambia baadaye?"

"Sikumbuki kama nilimuuliza."

Sasa nisaidieni. Waziri yule amekwisha kufa. Daraja lilibebwa na maji. Sukari ililiwa, na sare ile sidhani kuna mtu anayekumbuka ilikuwa dhidi ya nani. Vyote hivyo vimo kwenye kanda na vinasikika vizuri. Neno la mke wake halimo.

Mhubiri mwingine angewaambia kwamba kanda mbovu ndiyo iliyokuwa nzuri, akafunga Biblia, akakaa. Ningependa iwe hivyo. Lakini bwana huyu alitafuta sauti, akaipata, na tangu aipate amepoteza hata ule utulivu mdogo aliokuwa nao alipoikosa. Huenda alitaka kusema tu kwamba chumvi imekwisha, basi. Huenda lilikuwa jambo ambalo mama yule alilibeba peke yake mpaka siku ya mwisho. Nani atamjibu? Mimi siwezi. Nimejaribu.

Na sisi je? Tusimcheke. Leo hatuna kinasa sauti, tuna simu. Mtoto anaanza sentensi, tunanyanyua kidole: subiri, nasikiliza Bunge. Mke anaanza, mume anaanza, kidole kiko juu: subiri, kuna wimbo wa zamani mtu ameutuma kwenye kundi, unanikumbusha mbali. Unakumbuka nini, ndugu yangu, wakati uliyekuwa naye siku hiyo amesimama nyuma ya kiti chako? Kisha tunakuja hapa Jumapili na kusema, "Bwana, utusikie." Tunasema kwa sauti kubwa, na hatuoni haya.

Nilitaka kuwapa somo la mfano huu kwa maneno machache yaliyonyooka, na sijayapata. Ninalo ombi tu. Ratiba inasema sasa ni zamu ya kwaya. Nimemwomba mwalimu wa kwaya asubiri dakika tano. Kama kuna mtu humu ndani aliyeanza kukuambia neno asubuhi hii, au wiki hii, ukamwambia baadaye, mgeukie sasa. Muulize lilikuwa neno gani. Usijali kama watu watasikia.

Sisi wengine, ambao hatuna tena wa kumgeukia, tutakaa kimya ili muweze kusikilizana.